Asiyeandika, Asiyetulia, Asiyesema: Mwalimu Aanzie Wapi?

Chukua daftari la mwanafunzi yule unayemwita mvivu, lile lenye kazi zilizoishia katikati na wino mwekundu mwingi kuliko wa bluu. Mwite pembeni wakati wa mapumziko, umuulize maswali yale yale kwa mdomo, taratibu. Akijibu sawasawa, basi tatizo si uvivu wala si akili. Kuna kitu kinakwama kati ya anachokijua na karatasi. Asipojibu, geuza swali liwe la dukani: una elfu mbili, umenunua sukari ya mia nane, unarudishiwa ngapi? Akishindwa hilo pia, umejua pa kuanzia kumfundisha upya. Na akikaa kimya tu, macho chini, huenda shida haiko kwenye somo kabisa.

Zoezi hilo linamalizika kabla kengele haijalia, na linakuambia mengi kuliko ripoti ya muhula. Ninaanza nalo kwa sababu katika shule zetu watoto wenye usonji, disleksia, shida ya utulivu, sonona au hofu iliyopita kiasi huachwa mpaka "apimwe kwanza." Wataalamu wa kupima ni wachache, wengi wako mijini, na nauli ya kuwafikia ni mzigo kwa mzazi. Mtoto naye anapanda darasa kila Januari. Msimamo wangu ni huu: mwalimu hahitaji jina la ugonjwa ili ahamishe dawati, apunguze idadi ya maswali au abadilishe namna ya kutoa maelekezo. Kutoa jina ni kazi ya daktari. Kuona ni kazi ya mwalimu, maana ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mchana.

Macho, masikio, tumbo

Ondoa kwanza yale yaliyo rahisi. Mkalishe mbele wiki moja. Makosa ya kunakili ubaoni yakipungua, anahitaji kupimwa macho. Simama nyuma yake hatua chache, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, chungulia kama masikio yanatoa usaha. Usaha wa muda mrefu hupunguza usikivu kidogo kidogo, na nyumbani wanaweza kuuzoea wakauona jambo la kawaida. Muulize pia amekula nini tangu jana jioni na amelala saa ngapi. Binti anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji na kukaanga maandazi ya kuuza hasinzii darasani kwa dharau.

Kuna aina ya kifafa ambayo haimwangushi mtoto. Anakatika tu: anakodoa macho kwa sekunde chache, pengine kope zinapepesa, kisha anaendelea pale alipoachia bila kujua kwamba kuna kitu kimepita. Huweza kumtokea mara nyingi kwa siku moja. Darasani huonekana kama mtoto anayewaza mambo ya nje, na huchapwa kwa ajili hiyo. Mwite jina au mguse bega. Anayewaza atashtuka mara moja. Huyu hataitika mpaka hali ile ipite. Andika umeiona mara ngapi na saa ngapi, umpe mzazi karatasi hiyo aende nayo hospitali. Kifafa kina dawa, na daktari akisoma maelezo ya mwalimu anapata mwanga ambao mama hawezi kumpa, kwa kuwa mambo yametokea shuleni.

Muulize mzazi kuhusu historia pia, kwa heshima: mtoto alichelewa kulia alipozaliwa? Alichelewa kusema? Aliwahi kulazwa kwa degedege au malaria iliyopanda kichwani? Baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya kumbukumbu, umakini au kifafa miaka kadhaa baadaye. Katika maeneo yenye malaria nyingi, swali hilo moja laweza kueleza mambo ambayo shule imeyaita ukaidi tangu darasa la kwanza.

Daftari dogo

Tafuta daftari la kurasa arobaini, ulitenge kwa ajili ya mtoto mmoja au wawili tu. Usijaribu darasa zima, utachoka Jumatano. Kwa wiki mbili andika mambo manne: saa ngapi, nini kilikuwa kinaendelea, alifanya nini, na nini kilifuata. Andika kile ambacho kamera ingekiona. "Mtukutu" ni hukumu. "Jumanne saa nne na nusu, tunasoma kwa zamu, zamu yake ikikaribia akaomba ruhusa ya chooni, akarudi zamu imepita" ni habari. Ukisoma mistari ya namna hiyo kumi utaona umbo lake. Mwingine huharibu kipindi cha kusoma tu. Mwingine ni kila Jumatatu, na hapo jiulize wikiendi nyumbani kuna nini. Mwingine huvurugika baada ya paredi, kwenye kelele na msongamano, kisha akitulia ni mwanafunzi mzuri hadi jioni.

Jihadhari na orodha za dalili zilizoandikwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya na Marekani. Nyingi huweka mbele kwamba mtoto mwenye usonji hamtazami mtu machoni. Kwetu mtoto asiyemkazia macho mkubwa wake ana adabu, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakina kazi. Dalili zenye maana zaidi kwetu ni kama hizi: anacheza peke yake hata akiitwa, anarudia maneno yale yale, anafadhaika ratiba ikibadilika ghafla, anaziba masikio kengele ikigongwa, haamkii mtu hata baada ya kufundishwa na kufinywa. Huyu wa mwisho huteseka sana mitaani, kwa sababu asiyesema shikamoo huhesabiwa hana malezi, na lawama humwangukia mama yake.

Dawati, maelekezo, na maneno ya mafumbo

Katika darasa la watoto themanini huwezi kumpa kila mmoja somo lake. Unaweza lakini kubadilisha mambo machache ambayo hayakugharimu chaki wala muda. Mtoto asiyetulia mweke mbele, upande wa ukutani, mbali na mlango na dirisha la barabarani. Mpe jirani mtulivu. Usimweke na rafiki yake wa kucheza kwa matumaini kwamba watarekebishana. Toa agizo moja kwa wakati mmoja: "Fungueni ukurasa wa ishirini." Subiri. Kisha: "Soma swali la kwanza." Agizo lenye sehemu nne kwa pumzi moja humpotea yeye, na ukweli ni kwamba huwapotea wengine ishirini ambao wana ujanja wa kuchungulia kwa jirani. Gawa kazi: badala ya hesabu kumi, mpe tatu, asahihishiwe, apewe tatu nyingine. Mpe sababu halali ya kuinuka, kama kufuta ubao, kugawa madaftari au kupeleka ujumbe ofisini. Mwili unaotaka kutembea utatembea tu. Heri utembee kwa kazi.

Na lugha yetu ya darasani imejaa mafumbo. Mwalimu akimwambia mtoto anayegonga dawati, "Endelea, endelea tu," watoto wote wanajua maana yake ni acha kabla sijafika hapo. Mtoto mwenye usonji ataendelea, kwa kuwa ameambiwa aendelee, kisha ataadhibiwa bila kujua kosa lake. Kwa mtoto wa namna hiyo sema wazi: "Acha kugonga dawati. Weka mikono juu ya daftari." Mwambie mapema mambo yatakayobadilika: kesho kuna mgeni, keshokutwa hakuna Hisabati, kengele italia muda si mrefu. Na siku anapozidiwa na kelele, kona ya maktaba au kivuli cha mti kwa dakika chache si upendeleo. Baada ya hapo atarudi kusoma.

Kusoma ndiko kunakonishughulisha zaidi, kwa sababu disleksia katika Kiswahili hujificha. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akishazijua ba, be, bi, bo, bu, ana funguo za karibu kila neno, kwa hiyo hata mwenye disleksia anaweza kufikia darasa la tatu akisoma bila makosa mengi. Kinachomtambulisha ni mwendo. Anasoma silabi kwa silabi wakati wenzake wanateleza, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Neno kama "walipomkimbilia" ni mlima kwake. Kisha anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, ambako sauti moja huandikwa kwa njia nyingi na herufi nyingine hazisomwi kabisa. Hapo yule aliyekuwa wa wastani huporomoka ghafla, na shule husema amebadilika kwa sababu ya makundi mabaya.

La kufanya? Usimsomeshe kwa sauti mbele ya darasa bila kumwandaa. Mwonyeshe aya yake jana yake akaifanyie mazoezi. Kata boksi kuukuu litoe kadi za silabi, au andika silabi juu ya vifuniko vya soda, ayapange maneno kwa mkono. Maneno marefu yagawe kwa penseli: wa-li-po-m-kimbilia. Msomee swali la Hisabati au Historia, maana hapo humpimi kusoma. Sahihisha anachokijua, na makosa ya herufi uyazungushie mawili matatu tu, si yote. Katika sekondari, mwache aeleze jibu kwanza kwa Kiswahili, mdomoni, ndipo mtafute pamoja maneno ya Kiingereza ya kuliandika.

Mitihani nayo ina mlango wake. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mahitaji hayo hushughulikiwa mapema, wakati wa usajili, kwa hiyo mwalimu mkuu aulize kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri kabla ya fomu kufungwa, siyo wiki ya mtihani. Hakuna kinachoizuia shule kutumia utaratibu huo huo kwenye majaribio yake ya kila mwezi.

Fimbo

Walimu wenzangu watauliza, na nidhamu je? Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu, ila kwa mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Ukilinganisha kanuni hiyo na yanayotokea kwenye madarasa yetu utaona pengo. Lakini hata tukiacha sheria, fimbo hapa haifanyi kazi iliyokusudiwa. Mtoto asiyetulia akichapwa ajifunze kutulia, hujifunza kukuogopa, na mtoto mwenye hofu hushindwa kutulia zaidi ya awali. Mwenye sonona huthibitishiwa kile anachojiambia usiku, kwamba hafai. Kubalianeni na mtoto ishara ya siri, mathalani kugusa kona ya dawati lake ukipita, yenye maana ya "umeanza, jirudi." Msifu dakika anazotulia, kwa kutaja alichokifanya: "Leo umemaliza swali la tatu bila kuinuka." Huo ndio ufundi, na unachosha kuliko fimbo. Silifichi hilo.

Anayenyamaza

Mtoto mtukutu angalau anaonekana. Anayezama huwa hasumbui mtu, ndiyo maana hupita miezi bila kuulizwa. Katika sekondari, hasa bweni, mtazame aliyeacha michezo aliyokuwa akiipenda, anayeumwa tumbo au kichwa kila wiki ya mtihani huku zahanati haioni kitu, anayelala kupita kiasi au asiyelala, anayegawa vitu vyake, aliyekuwa msafi akaacha kufua. Matroni, mpishi na mlinzi huona mengi kabla ya mwalimu wa taaluma. Waulize.

Usimwite ofisini mbele ya walimu wanaokunywa chai. Tafuta mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki, kama benchi chini ya mwembe. Ni ulinzi kwake na kwako. Anza na ulichokiona: "Siku hizi sikuoni uwanjani, na prepo unakaa peke yako. Nimeona nikuulize, mwanangu." Kisha nyamaza. Ukimya wa nusu dakika utakuwasha mdomo, uvumilie. Usimwambie wenzake wana shida kubwa kuliko zake, wala usikimbilie kumwambia asali tu. Kama yeye mwenyewe hupata nguvu katika sala, vema, lakini isiwe njia ya kufunga mazungumzo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Sema: "Haya yatabaki kwetu, ila nikiona maisha yako yako hatarini nitamtafuta mtu wa kutusaidia, na nitakwambia kwanza."

Kama maneno yake yanaelekea kwenye kuchoka na maisha, muulize wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandia wazo. Halimpandii, mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, mkuu wa shule ajue siku hiyo hiyo, mzazi aitwe, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nyumbani waambiwe wafungie sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mazao na dawa za hospitali. Ikiwa chanzo cha maumivu ni mtu wa nyumbani, mtu huyo asiwe wa kwanza kujulishwa; mtafute afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya mtoto, namba 116, ni bure Tanzania na Kenya, na mwalimu naye anaweza kuipiga.

Wanapoanguka kwa pamoja

Shule za wasichana zinalijua jambo hili: mmoja anapiga kelele na kuanguka, dakika chache baadaye wako kumi. Si jambo geni. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia mwishoni mwa Januari. Kabla shule haijafungwa mwezi Machi walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 kati ya 159. Uchunguzi wa madaktari haukukuta sumu wala maambukizi. Shinikizo na hofu visivyokuwa na pa kutokea vilitafuta njia mwilini.

Siku hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa watazamaji. Wasioanguka wapelekwe darasani na mwalimu, wapewe kazi. Walioanguka watenganishwe, walazwe mahali penye hewa, kila mmoja akae na mtu mzima mmoja mtulivu anayezungumza kwa sauti ya chini. Mhudumu wa afya aje kuangalia homa, chakula, moshi au kemikali, kwani huwezi kusema ni mawazo kabla hujaondoa hayo. Usiruhusu maombi ya kelele bwaloni wala msako wa mchawi, kwa sababu hadhira na hofu ndiyo kuni za moto huu. Zungumza baadaye na kila msichana peke yake, hasa wa kwanza kuanguka, na swali lisiwe "nani amekuroga" bali "nini kimebadilika hapa muhula huu?" Jibu mara nyingi huwa la kawaida kabisa: mtihani, kifo cha mwenzao, chakula, mwalimu anayewatisha.

Kumwambia mzazi

Mzazi akiitwa shule hujua ameitiwa kesi. Ivunje hofu hiyo mapema. "Karibu mama Rehema. Nimekuita, lakini si kwa ubaya. Rehema ana mkono mzuri wa kuchora, na huwasaidia wadogo. Kuna jambo nimeliona kwenye kusoma, nikasema nisikuambie kwa barua." Mwonyeshe daftari. Muulize nyumbani wanaonaje na wameshajaribu nini. Akikwambia wamekwenda kwa mganga, usicheke wala usigombe. Ukishinda ubishi huo utampoteza mzazi na mtoto pamoja. Sema: "Sawa mama, na hospitali tuiongeze." Msisitizo mmoja tu usiulegeze: dawa za kifafa zisikatishwe kwa sababu ya tiba nyingine. Baba akianza kumlaumu mama kwamba ukoo wake ndio wenye mambo hayo, rudisha mazungumzo kwenye daftari na kile mtakachofanya wiki hii nyumbani: alale mapema, asome kurasa mbili na dada yake, asipigwe kwa makosa ya kusoma.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wakuu. Darasa la nne likiisha, yote aliyoyagundua mwalimu wa darasa hupotea, na wa darasa la tano huanza upya kwa kumwita mtoto yule yule mvivu. Fungueni jalada moja kwa kila mtoto wa namna hii, kurasa mbili zinatosha: kinachomkwamisha, kilichomsaidia, nani alishamwona. Likae kwenye kabati lenye kufuli, na Januari akabidhiwe mwalimu mpya mkononi, kwa mazungumzo, kabla hajaingia darasani.